Usingizi ni kaske ya pili ya mfanyakazi



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaambieni habari ya kaske, ya viatu vya kazi, ya miwani, na ya mkanda wa kujifunga mtu anapopanda juu. Leo nataka kusema juu ya kitu kimoja ambacho magazini ya kampani haikigawi, wala hakuna karatasi ya kutia saini ili ukipokee. Kitu hicho ni usingizi, pamoja na ile saa ya kwanza ya nyumbani wakati mtu anatoka kazini.

Mawazo yangu ni haya: pumziko la nyumbani ni sehemu ya kazi, sawa na kaske. Na kama ni sehemu ya kazi, basi nyumba yote ina haki ya kulilinda, hata kwa kumzuia baba mwenyewe. Najua wanaume wengi hawatapenda neno hilo la mwisho. Mimi pia sikulipenda. Nitawaelezeni namna nilivyofundishwa.

Usiku mmoja na kijiko kimoja

Kazi yangu ni kumsaidia munganga katika chumba cha kupasulia wagonjwa. Siku ile niliingia kazini saa 6 ya asubuhi. Kazi ilikuwa ya kawaida: ngiri mbili, jipu moja, na mama mmoja aliyeshindwa kuzaa kwa njia yake. Karibu na saa 14, wakati nilianza kutazama saa ya ukutani, wakaleta watu wa ajali ya barabarani. Kamyo ya makala yenye watu juu yake ilikuwa imepinduka. Mwenzangu aliyepaswa kunipokea alikuwa amelala na malaria. Nikabaki.

Tulipasua mmoja, tukaosha meza, tukapasua mwingine. Mfupa wa paja, tumbo, na tena tumbo. Mmoja wao alitufia mikononi. Tulipofunga kidonda cha mwisho ilikuwa saa 1 ya usiku. Masaa 19, na karibu yote nilikuwa nimesimama chini ya ile taa kubwa. Nilipanda baiskeli yangu nikarudi nyumbani. Njia niliyopita siikumbuki hata leo.

Nyumbani mtoto wetu wa miaka miwili alikuwa na homa. Mchana bibi yangu alikuwa amempeleka kwenye dispensari, wakamkuta na mafua tu, wakampa chupa ya paracetamol ya maji: kijiko kidogo kimoja, ndiyo mililita 5. Bibi alinisubiri mimi kwa dawa ya usiku, kwani mimi ndiye munganga wa nyumba. Nilichukua chupa, nikachukua kijiko mezani, nikajaza. Nilikuwa nikiinua kichwa cha mtoto wakati bibi aliposema, “Baba, hicho ni kijiko cha kulia.”

Mnajua nilijibu nini? Nilimwambia, “Nani amesoma uganga humu ndani, ni wewe ao ni mimi?”

Hakunijibu. Alishika mkono wangu, akamwaga dawa ile, akaifunga chupa ndani ya kikwembe chake, akasema, “Lala. Nitampa mimi.” Nililala na hasira, na viatu miguuni.

Asubuhi kijiko kilikuwa kingali mezani. Kijiko cha kulia kinachukua karibu mililita 15, ndiyo kusema mara tatu ya kipimo. Mara moja tu pengine isingemfanyia mtoto ubaya mkubwa. Lakini kama ningeendelea hivyo kila masaa 6 kwa muda wa siku mbili, ini lake lingeweza kuharibika kabisa. Na kama ile chupa ingekuwa ya dawa kali zaidi, mara moja ingetosha. Mimi ninayehesabu sindano na uzi kila siku, nilikuwa karibu kumwumiza mtoto wangu kwa kijiko cha supu.

Mtu aliyechoka hajijui

Tangu siku ile nilianza kusoma juu ya uchovu. Mwaka 1997 wataalam wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, waliandika katika gazeti la Nature namna walivyopima watu kwa njia mbili: siku moja waliwaacha macho bila kulala, na siku nyingine waliwapa pombe kidogo kidogo. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi ya mkono na jicho vibaya sawa na mtu mwenye gramu 0,5 ya pombe katika litre moja ya damu. Akifika masaa 24 bila kulala, ni sawa na gramu 1. Ubelgiji na Ufaransa hazimruhusu dereva kushika gari akiwa na hiyo gramu 0,5.

Mimi siku ile niliamka saa 4 na nusu ya asubuhi, na nilishika kijiko karibu na saa 2 ya usiku. Hesabuni wenyewe: zaidi ya masaa 21. Sikuwa nimeonja hata tone moja la bia, lakini mikono yangu ilikuwa mikono ya mlevi.

Na mlevi ana tabia moja tunayoijua wote. Ukimwambia amelewa, anakasirika. Uchovu ni vile vile: kile kichwa ambacho kingepaswa kukuonya ndicho kilichochoka kwanza. Kwa hiyo haifai kumwuliza mfanyakazi, “Umechoka?” Atasema hapana. Inafaa kumwuliza, “Umeamka saa ngapi?” Kisha mhesabu pamoja.

Tena mwili una saa yake ndani. Mwaka 2017 wataalam watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo la Nobel kwa sababu walionyesha namna saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Usiku, zaidi katikati ya saa 2 na saa 5, joto la mwili linashuka na akili inataka kulala, hata kama mtu amesimama mbele ya mashini. Ajali ya Bhopal katika Uhindi mwaka 1984 ilianza usiku. Ajali ya Chernobyl mwaka 1986 ilitokea saa 1 na dakika 23 ya usiku. Ajali kubwa za namna hii zina sababu nyingi, na sisemi kwamba usingizi peke yake ndio ulizileta. Nasema tu kwamba usiku kosa dogo linapata mlango wazi.

Namna tunavyofanya mezani pa mgonjwa

Wengi mnadhani kwamba ndani ya chumba cha kupasulia munganga mkubwa anasema na wengine wananyamaza. Si hivyo. Kabla ya kufunga tumbo la mgonjwa tunahesabu kompresi zote, pamoja na sindano na vyombo. Kama tulianza na kompresi 20, lazima 20 zionekane. Ikiwa tunaona 19, yule anayehesabu anasema, “Simameni, hesabu haitoshi.” Hata kama ndiye mdogo wa ekipi yote, munganga anasimama. Hamwulizi alisoma shule gani.

Mwaka 2008 Shirika la Afya la Dunia, ndiyo OMS, lilitoa karatasi moja ya maulizo kwa ajili ya kazi hii. Ekipi inasimama mara tatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi wa dawa, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka. Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za inchi mbalimbali, na moja ilikuwa ya Ifakara huko Tanzania. Mwaka 2009 waliandika matokeo: kabla ya karatasi, vifo vilikuwa 1,5 kwa wagonjwa mia, baada yake vikashuka mpaka 0,8. Hawakuleta mashini mpya wala dawa mpya. Watu walisimama kidogo, wakaulizana, na yule mdogo akaruhusiwa kusema.

Basi nauliza: kwa nini tunakubali jambo hili kazini na kulikataa nyumbani? Siku ile bibi yangu alifanya kazi ya yule anayehesabu. Alisema, “Simama.” Nami nikataka kumnyamazisha kwa sababu ya diploma. Leo katika nyumba yetu kuna sheria: baba akitoka posti ndefu, hagusi dawa ya mtoto, hashiki kisu wala shoka, hachukui gari ao pikipiki, na hakati neno la feza ao la ukoo mpaka amelala. Na bibi akisema “Simama”, mimi nasimama. Jambo la kujua nani ana haki tunaliacha mpaka kesho.

Chupa hailazi mtu

Kuna ndugu watakaosema, “Sisi tunapumzika kwa njia yetu. Ukitoka kazini unapita kwa rafiki, unakunywa Simba mbili, mwili unalegea.” Sitawadanganya: ni kweli, mwili unalegea. Pombe inaleta usingizi upesi. Lakini inauvunja katikati. Baada ya masaa machache mtu anaamka na kiu, anakwenda kukojoa, jasho linamtoka, anageukageuka mpaka kuche. Anadhani amelala masaa 7, na mwili haukupata hata nusu ya faida yake. Mwenye kunywa lutuku hali yake ni mbaya zaidi, kwani hajui nguvu ya kile alichokunywa, wala hajui kilipikwa na nini.

Kahawa nayo ina hesabu yake. Baada ya masaa 5 hivi, nusu ya nguvu yake ingali katika damu. Anayekunywa kahawa saa 4 ya usiku ili amalize posti, asishangae akikosa usingizi saa 8 ya asubuhi.

Neno moja la hatari juu ya mbabula. Katika mwezi wa 6 na wa 7 baridi yetu inauma. Mtu anatoka kazini amechoka, anaingiza mbabula ndani ya chumba, anafunga dirisha, analala. Makala yanayowaka yanatoa hewa mbaya, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo inashikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko hewa safi tunayovuta. Aliyechoka hasikii kichwa kikimwuma. Analala tu, na asubuhi haamki, yeye na watoto. Mbabula ipashe maji nje. Ndani tuvae blanketi.

Mama naye ana posti yake

Haki inataka niseme pia upande mwingine. Baba anaposema, “Mimi nimetoka kazini, nyamazeni,” mama wa nyumba ameamka kabla yake. Ameteka maji, amekwenda soko, amesonga bukari, ametwanga sombe, amekaa usiku na mtoto mgonjwa. Posti yake haina sirene ya kuisha. Na wenzetu wanawake wanaofanya kazi hospitalini wanatoka mezani pa mgonjwa wanaingia jikoni moja kwa moja. Nani anawaambia “Lala, nitafanya mimi”?

Nawajua wanaume wanaoona haya kuonekana na ndoo ya maji mkononi. Ndugu yangu, bibi yako asipolala, nani atakayekulinda wewe siku mikono yako itakapokuwa mikono ya mlevi? Mlinzi naye anahitaji kulala. Yule aliyepumzika amsaidie yule aliyechoka, ndiyo sheria. Haisemi mwanaume ao mwanamke.

Mzigo wa moyoni

Kuna uchovu mwingine ambao haulali hata mwili ukilala. Ule usiku wa kamyo, mtu alitufia. Nilikuwa nimeshika mkono wake kabla ya dawa ya usingizi, akaniuliza kama mtoto wake amepona. Siri za wagonjwa hatuzitoi nje: siwezi kumwambia bibi yangu ni nani, anatoka wapi, alikuwa na nini. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba basi lazima ninyamaze kabisa. Mtu anayenyamaza namna hiyo anaanza kugombana na watoto juu ya kikombe kilichovunjika.

Sasa nimejifunza neno moja tu. Nikifika nasema, “Leo ilikuwa nzito.” Bibi haulizi zaidi. Anajua aniache nikae chini ya muembe nusu saa, na watoto wasiniletee madaftari kwanza. Ninyi wa chini ya udongo na wa karyeri mnayo pia yenu: jiwe lililoanguka karibu na mguu, mwenzako aliyeumia. Semeni lile neno moja. Na kama mzigo haushuki baada ya majuma, unakosa usingizi, unashituka, unaota jambo lile lile kila usiku, njoo hospitalini. Huo si woga wala si uchawi. Ni kidonda, na kidonda kinatazamwa.

Maneno kwa wakubwa wa kazi

Nanyi mashefu, naomba mnisikilize bila hasira. Ninajua kazi haiwezi kungoja; mgonjwa anayetoka damu hangoji, na maji yanayojaa ndani ya mgodi hayangoji. Siku ile nilibaki kwa sababu ilipaswa kubaki, na ningebaki tena. Lakini kuna kubaki kwa lazima na kuna kubaki kwa mazoea. Mtu anapoombwa kufanya posti mbili kila juma kwa sababu orodha haikupangwa vizuri, tunamwomba alete mlevi kazini bila kujua. Na baada ya posti mbili, tafuteni namna ya kumfikisha nyumbani. Asipande baiskeli peke yake katika giza kama nilivyopanda mimi. Kama mnaandika katika daftari saa ya mashini, andikeni pia saa ya mtu.

Mashauri ya kukata na kubandika ukutani

1. Nguo za kazi zisiingie chumbani. Zetu za kupasulia zinabaki hospitalini. Zenu zenye vumbi la madini msizikung’ute mbele ya watoto, zioshwe peke yake.

2. Osha mikono mpaka kwenye kiwiko, oga, badilisha nguo. Maji ya vuguvugu yanasaidia mwili kujua kwamba kazi imeisha.

3. Kaa nusu saa bila maneno ya feza, ya ukoo ao ya shule. Inua miguu juu ya kiti kama ulisimama siku nzima.

4. Kula kidogo. Bukari nyingi kabla ya kulala inalemea tumbo.

5. Tia chumba giza, hata kwa kikwembe kizito juu ya dirisha. Chandarua kisitolewe mchana.

6. Mtu mzima alale masaa 7 kwa uchache. Kama nyumba ni ndogo na watoto ni wengi, patana na jirani: leo watoto wangu wacheze kwako, kesho wako waje kwangu.

7. Kabla ya posti ya usiku, lala kidogo mchana. Hata dakika 20 ni faida.

8. Aliyekaa macho masaa 17 asishike gari, dawa, kisu wala shoka.

9. Yeyote wa nyumbani akisema “Simama”, simama. Mtabishana kesho.

Yule mtoto wetu leo anakwenda shule. Kile kijiko kingali katika kabati. Bibi yangu hakunikumbusha hata mara moja neno nililomwambia usiku ule, na hiyo ndiyo inayonifanya nisilisahau. Juma lililopita nilirudi saa 23, nikasikia mtoto mdogo akikohoa. Nilikuwa nimeanza kuelekea kwenye kabati la dawa. Bibi alinitazama tu.

Nikavua viatu, nikaenda kulala.